Nauli ya Kupanda Mbaga

Nitaandika juu ya Dar es Salaam, Arusha na Same, kwa sababu ndiko nilikoendesha teksi. Kuhusu Mwanza na Mbeya nimesimuliwa mengi, lakini sikushika usukani huko, kwa hiyo sina la kusema. Anayetaka ya huko awaulize waliokuwepo.

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenye gari, mama muuza vitenge wa Kariakoo, alinikabidhi ufunguo na kunieleza "hesabu", yaani kiasi ambacho dereva humpelekea mwenye gari kila jioni. Kisha akasema, "Mwanangu, abiria hajui umbali, na wewe huijui foleni. Mtapatana dirishani." Ndivyo ilivyokuwa. Abiria aliinama dirishani, nikataja bei, akacheka, akataja yake, tukakutana katikati. Foleni ikizidi niliomba nyongeza, na mara nyingi nilipewa. Arusha, katika kituo nilichoegesha, utaratibu ulikuwa mwingine: popote ndani ya mji bei moja, nje ya hapo mapatano. Kote huko nilipima nauli kwa kilometa, nikajiona nimeiva.

Niliuza kiwanja changu cha Dar es Salaam, nikanunua gari langu mwenyewe na kurudi Same. Mwenyekiti wa madereva, mtu wa maneno machache, alinipa sharti moja: "Nauli hutajwa kabla ufunguo haujazungushwa. Ikishatajwa, imekwisha. Anayeipandisha njiani hana nafasi hapa." Wenzangu walinikaribisha kwa kuniita mtu wa lami.

Wiki hiyohiyo, mvua za vuli zikinyesha, alinijia mwalimu mstaafu, Mama Nakundwa, akimrudisha mumewe Mbaga, juu milimani, kutoka hospitali. Mzee alikuwa amepasuliwa tumbo. Hakuweza kupanda bodaboda wala kubanwa ndani ya basi. Nilikisia kilometa, nikataja nauli.

"Umewahi kupanda huko wakati wa mvua, baba?" akauliza.

Mimi ni mzaliwa wa Hedaru, tambarare. "Mama, nimeendesha Dar es Salaam miaka kumi na mmoja."

"Sikukuuliza hilo," akasema, akamsaidia mumewe kuingia kiti cha nyuma.

Mlima ulipoanza, tope lilishika magurudumu. Nilikwenda kwa gia ya kwanza, nikikwepa mashimo ili mshono wa mzee usitikiswe. Saa mbili zilipita, na mafuta yalishuka kuliko nilivyokadiria. Nikasimama kwenye kona na kusema nauli haitoshi, iongezwe nusu yake. Mzee alitaka kujibu. Mkewe akamwambia kwa Chasu, lugha yetu sote watatu, anyamaze mpaka wafike. Walipofika alilipa yote, pamoja na nyongeza.

Kesho yake kituo kizima kilikuwa na habari. Madereva walitaka niondoke siku ileile, na Same haikuwa na kituo kingine cha teksi. Gari lile ndilo lilikuwa mali yangu yote.

"Mimi nimesikia tu," Mwenyekiti akawaambia. "Sijaona." Akaketi kiti cha mbele cha gari langu. "Twende Mbaga."

Alipanda na saa mkononi na daftari gotini. Kila tulipopita daraja au kona mbaya aliandika muda. Tulimkuta Mama Nakundwa uani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umemleta?"

"Amejileta. Mimi nimepewa lifti."

Mama alieleza yaliyotokea bila kuongeza wala kupunguza. Nilikiri, nikarudisha nyongeza. Kisha Mwenyekiti akauliza nisilolitarajia: "Nauli aliyoitaja mwanzo ilikuwa ya haki?"

"Ilikuwa ndogo. Nilijua tangu Same."

"Mbona hukusema?"

"Nilimuuliza kama amewahi kupanda. Akanipa habari za Dar es Salaam."

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho. Njiani kushuka alitoa hukumu: miezi miwili nitakaa mwisho wa foleni ya kituo, na nitaandika ubao wa nauli za kituo. "Umesoma, na mwandiko wako unasomeka. Lakini huandiki mahali ambapo hatujafika."

Tulipanda Vudee, Chome, Mamba na kwingineko, kiangazi na tena masika. Kila mahali pakapata nauli mbili, ya ukavu na ya mvua, zilizopimwa kwa saa, pamoja na safari ya kurudi gari likiwa tupu, kwa kuwa mlimani dereva hana uhakika wa abiria wa kushuka. Hakuna aliyefukuzwa kwa ajili ya nauli nilipokuwa kituoni.

Siku hizi simu hutaja nauli. Nimeitumia Dar es Salaam nilipomtembelea binti yangu, na nakiri inafaa: bei hujulikana kabla mlango haujafungwa. Mwenyekiti angeipenda. Same, madereva wa sasa wameupima upya ubao wetu, kwa magari yao na saa zao, kwani baadhi ya barabara zimetengenezwa. Nilisoma nauli zao mpya bila kupata la kusahihisha.

Macho yalipopungua niliuza gari. Mwezi uliopita nilipanda Mbaga nikiwa abiria. Dereva, binti wa miaka ishirini na kitu, alitaja nauli, kisha akazungusha ufunguo. Njiani tulikuta mti umeanguka, tukasubiri wanakijiji waukate. Nilitazama mshale wa mafuta ukishuka, naye aliutazama. Hakuomba nyongeza. Tulipofika nilimpa zaidi.

"Babu," akasema, akinirudishia, "tulishaitaja."

Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Niliangalia saa yangu mwenyewe, kama Mwenyekiti alivyofanya siku ile ya daftari.