Viatu Kabatini

Watu wanadhani anayefundisha utulivu ametulia. Si kweli. Mwanamama huyu, mwalimu wa yoga, anakunywa chai kasimama, anapiga mswaki huku anafagia, na akikaa kwenye kiti goti lake linacheza kama lina injini. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Pumzi. Dada yake, anayeishi naye, anamwita Kimbunga.

"Unaenda kufundisha watu kutulia," dada alimwambia asubuhi moja, "na mswaki umeuchomeka sikioni."

Darasa lake liko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Chumba kina madirisha matatu na harufu ya tapentaini. Wanakuja watu kumi na wawili: nesi wa zamu, dereva wa lori mstaafu na mgongo wake mbovu, wajane wawili, na wengine waliokimbia vita kwao. Kila mtu na lugha yake ya nyumbani. Wanakutana kwenye Kiswahili cha kuungaunga na kwenye pumzi. Vuta. Shusha. Miujiza hakuna. Ila kuna fundi cherehani, mama mmoja mkimbizi, alikuja na mikono inayotetemeka hadi uzi wa sindano akawa anatungiwa na wateja. Baada ya miezi miwili akaanza kutunga mwenyewe. Mwalimu aliringa nalo hilo mtaa mzima.

Halafu akaharibu mwenyewe.

Viatu huvuliwa mlangoni. Wiki moja raba za nesi zikaibiwa, na Mwalimu hawezi kuona tatizo akalala nalo. Kesho yake akanunua kufuli. Jumamosi iliyofuata akakusanya viatu vyote, akavifungia kabatini, akafunga na mlango wa chumba, funguo mfukoni.

"Leo mwizi imekula kwake! Haya, laleni chali, fumbeni macho."

Dakika ya tatu fundi alikuwa amekaa, jasho linamtiririka. Akaenda kwenye kabati, akavuta. Akavuta tena. Kisha akaligonga kwa ngumi. Mwalimu alipofungua, mikono ya fundi ilikuwa inaruka kama siku ya kwanza. Akachukua kandambili zake, akazivaa palepale juu ya mikeka, akadai afunguliwe mlango, akashuka ngazi.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili yake pia.

Mwalimu akapanga upya vyombo vyote. Akapaka jikoni rangi, mara mbili.

"Ukuta umekukosea nini?" dada akauliza. "Mfuate mtu wako."

Akamfuata. Fundi alikuwa barazani kwake, na aliyekuwa akimtungia uzi ni mteja.

"Karibu, mwalimu. Umekuja na kufuli?"

"Nimekuja kuomba radhi. Niliogopa wezi."

"Wewe unaogopa wezi wa viatu." Fundi alisubiri mteja aondoke. "Mimi walipokuja watu wa bunduki, viatu vyangu vilikuwa chumba kingine. Nimetembea siku tatu miguu mitupu, mwanangu mgongoni. Sasa uniambie nilale chali na sijui viatu vyangu viko wapi? Huko si kulala, mwalimu."

Mwalimu alifungua mdomo atoe somo. Goti likacheza. Akaufunga.

"Unataka tufanyeje?"

"Mlango wazi. Viatu vyangu miguuni. Na wewe ulale kwanza. Tangu nije sijakuona umelala. Unatuzunguka tu kama askari."

Jumamosi mlango ulizuiwa na debe la rangi usijifunge. Dereva akalala na mabuti yake juu ya mkeka. "Nikiitwa safari, sichelewi!" Nesi akazifanya raba zake mpya kuwa mto. Fundi akakaa mlangoni, mgongo ukutani, kandambili miguuni, mikono ikitetemeka mapajani.

"Haya, mwalimu. Lala."

Mwalimu akalala, akafumba macho. Kidole gumba cha mguu kikaanza kucheza.

"Mguu," fundi akasema.

Kikatulia. Pumzi nne, tano. Honi ikalia barabarani, jicho moja likafunguka.

"Unachungulia."

"Sichungulii!"

"Nakuona, mama. Fumba. Mimi niko mlangoni."

Akafumba. Mwili mzima ulikuwa unamwasha kuinuka, kuhesabu vichwa, kunyoosha mkeka wa mtu. Lakini alijua akiinuka tu, yule anaondoka na harudi. Mara akasikia kandambili zikisogea. Anaenda. Ameshakwenda. Hakufungua macho.

Kandambili zikapiga hatua kuja ndani, pa, pa, zikasimama kando ya sikio lake. Mtu akajilaza pale chini kwa kuguna.

"Dakika tano tu," fundi akanong'ona. "Halafu zamu ya kuangalia mlango ni yako, usipitiwe na usingizi."