Nenda Ukamalizane Naye

"Kaka Abdu, Adamu anasema Ijumaa baada ya swala uende nyumbani, mkamalizane."

Badria, binti wa shangazi yao, aliyasema hayo mlangoni mwa kibanda cha Abdulrazak, Mtaa wa Aggrey, mfuko wa nyanya mkononi, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya hizo. Abdulrazak alikuwa anamwekea mteja movie kwenye flashi. Hakugeuka.

"Tukamalizane vipi?"

"Mimi nimetumwa neno. Sikutumwa maelezo."

Adamu ni kaka yake wa tumbo moja, na hawakuwa wamesemezana tangu mama yao azikwe. Hawakutukanana wala hawakupelekana kwa wazee. Walikoma tu, kama bomba linavyokoma, na kwa kuwa Kariakoo kuna watu wengi wa kuongea nao, pengo halikuonekana. Sasa nyumba ya mama ilikuwa inavunjwa wiki inayofuata lipande ghorofa, kama zilivyovunjwa za majirani, na Adamu alikuwa ameleta neno moja.

Hashimu, anayeuza mabegi ya safari kibanda cha pili, alikuwa amelisikia. Hashimu husikia kila kitu isipokuwa mteja anapoomba apunguziwe.

"Dijei," akasema, "hilo si neno lako hilo?"

Lilikuwa lake kweli. Abdulrazak, kabla hajawa mtu wa kuweka flashi, alikuwa dijei wa kutafsiri movie. Dijei wa movie si mkalimani wa mahakama. Anakaa na maiki, picha inakwenda, naye anasimulia: anachokisikia anakitafsiri, asichokisikia anakitunga, na mtaa wa Marekani anauita Livingstone, kama huu wa hapa Kariakoo, ili mtazamaji asipotee. Katika zote alizofanya, iliyobaki midomoni mwa watu ni moja, ya majambazi, ya zama zile jambazi alikuwa anafunga tai kwenda kuua. Jina lake la Kiingereza mtaani hakuna anayelikumbuka. Inaitwa Mzee wa Koti, kwa sababu mkubwa wa genge havui koti hata mezani, jambo ambalo Abdulrazak alilieleza kwa kumpa homa ya vipindi.

Ugomvi wa watazamaji uko katikati ya movie. Mzee wa Koti amekosana na mshirika wake, mtu waliyelala naye kitanda kimoja ujanani, siku za njaa. Anamwita dereva. Juu ya daraja inapita treni. Mzee, sigara kubwa mdomoni, anatamka kitu, na kitu hicho kinakwenda na treni. Abdulrazak hakukisikia. Mdomo ulikuwa unakaribia kufungwa, na dijei hawezi kuuacha mdomo ucheze bila maneno. Watu wataomba warudishiwe kiingilio. Akasema: "Nenda ukamalizane naye."

Ni neno lenye milango miwili, wa barazani na wa uani, kama nyumba za Kariakoo zilivyokuwa. Dereva akatokea wa uani. Alimkuta mshirika anapiga pasi suruali, akampiga risasi. Mzee anapoletewa habari anakaa na koti lake, hasemi kitu, mpaka movie inakwisha.

"Aliagiza kuua," Hashimu alisema siku hiyo, kama anavyosema kila siku. "Humtumi mtu mwenye bastola akapeleke salamu."

"Angetaka auawe angesema kammalize," Badria akasema, akatua nyanya chini. Alikuja kuleta ujumbe, lakini kwa movie hii watu huahirisha safari. "Kumalizana ni watu wawili. Mzee alitaka suluhu. Kiherehere ni cha dereva."

"Sasa mbona hamfukuzi dereva?"

"Atamfukuzaje, na yeye mwenyewe hajui kuendesha?"

"Na mbona halii?"

"Hacheki pia."

"Huyo hana hisia. Jambazi."

"Au amechoka. Wewe juzi umefiwa na shemeji yako, ulilia?"

"Yule alikuwa ananidai," Hashimu akasema, na hoja ikafa hapo.

Wakamgeukia Mzee Chandu, wa duka la vitambaa ng'ambo ya mtaa, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni. Mzee Chandu ndiye mahakama ya rufaa. Yeye aliiona movie hiyo kwenye jumba la sinema, kwa Kiingereza chake, enzi anamchumbia Lalita, mkewe.

"Shikamoo Mzee Chandu. Hebu tuambie leo, kwa Kiingereza alisemaje?"

"Marahaba. Treni ilikuwa inapita."

"Hata kwa Kiingereza?"

"Treni haina lugha, bwana."

"Lakini wewe unaonaje?"

"Mimi naona koti lilikuwa zuri. Sufi ile hailetwi tena." Akafikiri. "Lalita alisema mtu mzima, kama ana jambo na mwenzake, aende kwa miguu yake. Nikamwambia nyamaza, watu wanatazama."

Abdulrazak hakutoa maoni, na watu walizoea kuamini kwamba anaficha siri ya fundi. Ukweli ni kwamba movie hiyo hajaitazama tangu siku aliyoirekodi. Alikuwa kwenye chumba chake cha kurekodia, mtaa wa Gerezani, kilichozibwa kwa magodoro na trei za mayai, simu ameizima kwa sababu simu ikilia unaanza upya. Mama yao alikata roho asubuhi hiyo. Adhuhuri akaoshwa, akakafiniwa, na baada ya swala ya alasiri akazikwa Kisutu, kwa haraka inayotakiwa na dini. Abdulrazak alitoka chumbani magharibi, koo limekauka, akawasha simu. Sauti ile tulivu ambayo wapenzi wa movie wanaisifu, wanayosema hakuna dijei mwingine aliyeifikia, ni ya mtu aliyekuwa hajaambiwa.

Gerezani na nyumbani kwao si mbali. Hilo ndilo alilomshikia Adamu: angeweza kutuma mtu. Msibani watu walimwona hatoi chozi, wakasema ana subira. Hakuwa na subira. Alikuwa hana kitu. Aliendelea hivyo, akila, akiswali, akiuza, na baadaye akauza ile maiki pia.

"Ijumaa usiende," Hashimu akamwambia Abdulrazak, Badria alipoondoka. "Nyumba inavunjwa, anataka akuweke sawa kabla. Chukua ushauri wa mtu aliyeiona hii movie mara nyingi."

"Wewe umeiona nusu. Ukifika pale kwenye pasi unafunga."

"Nusu inatosha. Nusu ya pili amekaa tu."

Usiku ule Abdulrazak aliitafuta hasira yake kwa Adamu, kama mtu anavyojipapasa mifuko akitafuta ufunguo. Hakuipata. Hakupata na hamu ya kwenda. Ijumaa alikwenda, kwa sababu msikiti uko njiani.

Adamu alikuwa uani, amevaa singlendi, spana mkononi. Alikuwa amezeeka shingoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi njoo huku."

Chumba cha mama hakikuwa na kitu isipokuwa kitanda cha mninga, kizito, kilichofungiwa humo humo ndani na fundi aliyekwishakufa. Mafundi wa kuvunja nyumba walisema watakikata kwa msumeno. Adamu alikuwa amefungua nati mbili, ya tatu ikazunguka bure, maana upande wa pili hapakuwa na mtu wa kuishika.

"Ndiyo kumalizana huku?" Abdulrazak akauliza.

"Kitanda ndicho kimebaki. Shika hapo."

Akashika. Adamu akakaza mkono, nati ikalia, ikaachia. Wakahamia ya nne. Walifanya kazi kwa maneno ya kitanda tu: inua, subiri, kwako, kwangu. Kwenye ubao wa miguuni Adamu alisema, macho kwenye spana:

"Siku ile nilituma mtu. Aligonga mpaka akachoka."

Abdulrazak akaangalia nati iliyokuwa kiganjani mwake.

"Ulimtuma nani?"

"Hashimu. Akarudi akasema hupo. Sikurudia kutuma. Nilipaswa nije mwenyewe, lakini nilikuwa nimeshika kichwa cha mama, wanawake wanafunga sanda."

"Magodoro," Abdulrazak akasema. "Mle ndani husikii kitu."

"Najua. Nilikwenda kupaona, baada ya arubaini."

Abdulrazak alingoja kitu kije, kilio au ahueni, au hata kumkasirikia Hashimu, aliyempa maoni miaka yote hiyo bila kulitaja hilo. Hakikuja. Kilichokuja ni vumbi la mninga puani, akapiga chafya, na Adamu akamwambia shukuru Mungu, naye akashukuru.

Vipande vikatoka nje. Ubao wa kichwani uligoma mlangoni, wakaulaza, ukapita. Barazani alikuwa anangoja mtu wa mkokoteni, Zakayo, ambaye Adamu alikuwa amemwita mapema.

"Kinakwenda wapi, wazee wangu?"

Ndugu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Kwangu hakiingii," Adamu akasema. "Chumba kina wajukuu."

"Kwangu," Abdulrazak akasema. "Ilala, Mtaa wa Moshi. Kuna chumba kitupu."

Zakayo akafunga kamba. Adamu akaingia ndani, akatoka na shati begani na spana mfukoni.

"Wewe unakwenda wapi?" Abdulrazak akamuuliza.

"Utakifungaje peke yako?"

Mkokoteni ukaingia barabarani, Zakayo akipiga kelele za kuomba njia. Wakaufuata nyuma, mmoja huku na mwingine huku, kila mmoja ameshika ubao wa upande wake usidondoke.