Nilivyokuwa breki ya mkono ya basi la Suji, na jinsi tulivyodai mikataba yetu

Kwa-kwa-kwa-kwa.

Wakuu, kabla hujaliona basi letu ulikuwa unausikia mlango wake. Ukiwa Suji, kule juu, ukungu bado umelala kwenye migomba, injini haikufikii. Kinachokufikia ni mlango wa bati unaojipiga basi likiwa bado kona za chini, umefungwa kwa mpira wa tyubu kwa sababu kitasa kilishakufa. Akina mama wakisikia tu, wanajitwisha vikapu.

Wakubwa zangu wote humu, shikamooni. Wadogo, nawapokea.

Najua kuna watu vidole vinawawasha kuandika "chai", eti nimetunga. Ndugu yangu, njoo nikuvulie kiatu cha mguu wa kulia, halafu wewe ndiye uniambie ukucha wa kidole gumba umekwenda wapi.

Tuanze.

Miaka ile tuliokuwepo tunaikumbuka. Kwanza maduka yalikuwa matupu, unapanga foleni ya sabuni bila kujua kama ni sabuni. Kisha ikaja ruksa. Maduka yakajaa, mifuko ikawa mitupu. Mashirika yakaanza kuuza magari yake chakavu, na mtu mwenye ng'ombe wa kutosha alilala mfugaji akaamka mwenye basi.

Bosi wetu, Mzee Eliewaha, aliamka na mabasi mawili. Mzaliwa wa Suji, Msabato safi, hanywi, havuti, hatukani. Mabasi yake yalipokezana kutoka Same asubuhi, yakafuata lami mpaka Makanya, yakaiacha, yakaanza kupanda.

Na hapo kwenye kupanda ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Mimi nilikuwa utingo. Wengi mnajua utingo anapakia mizigo. Wa kwetu alikuwa na kazi ya ziada. Basi halikuwa na breki ya mkono. Likisimama mlimani, utingo anaruka na gogo la mgunga, anakimbia nyuma, analisukumiza chini ya tairi kabla basi halijaanza kurudi Makanya kinyumenyume. Dereva anapiga kelele, "Weka! Weka!" na abiria wanaitikia kama kibwagizo. Kuna bibi mmoja alikuwa anafumba macho na kuanza pambio. Nikishaweka gogo, anaikatiza katikati ya ubeti, anaendelea na habari ya maharage.

Gogo lile nililirithi kwa Mashaka, utingo aliyenitangulia. Masika moja tope lilimtelezesha, tairi likamkanyaga mguu. Alipopata nafuu akaenda kwa Mzee na magongo yake. Mzee akamwuliza kwa upole kabisa, "Mashaka, nani alikwambia uweke mguu? Mimi nilikupa gogo."

Karatasi ya kuonyesha aliwahi kuwa mfanyakazi hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo.

Mimi wakati huo nina miaka ishirini na sita na mke mjamzito. Kila nikiliinua lile gogo nauangalia mguu wangu kama mtu anayemwangalia mgeni anayeaga; ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeshatangulia.

Sasa, chama.

Tulikuwa saba kwa mabasi yote mawili, na akili yetu ilikuwa Rajabu, kondakta wangu. Mtu wa Kigoma, alikuja kukata mkonge, akahamia reli, na huko reli akaonja vyama vya wafanyakazi. Rajabu alisema "wanachama" hata mkiwa wawili mnakunywa uji. Aliandika mkataba kwa mkono wake, akauchapisha kwa karani mmoja mjini, nakala saba, akawa anatembea nazo mfuko wa shati mpaka zikaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Madai hayakuwa makubwa. Ajira ya maandishi. Likizo. Ukiumia kazini utibiwe, na ukipona urudi. Na basi lisipande mlima na watu bila breki ya mkono.

Mzee aliyasikiliza yote. Akasema, "Mkataba ni wa watu wasioaminiana. Mimi nawaamini."

Rajabu akasema basi, mgomo. Na mgomo, akasema, una kanuni moja kuu: wanachama wote wawepo, kwa wakati mmoja, mahali pamoja.

Tukapiga hesabu ya siku. Basi moja likiwa Same, lingine liko Suji. Siku pekee tuliyokuwa wote saba mjini ni Jumamosi. Tukapiga kura, mikono saba juu.

Wakuu, nawaomba msicheke haraka.

Jumamosi alfajiri tukajipanga mbele ya geti la Mzee. Tumenyoa. Tumekunja mikono. Fundi wetu ana bango. Jua likatoka, likapanda, kofia moja tukawa tunapokezana. Saa tano hivi fundi akasema taratibu, "Jamani, leo si Sabato?"

Tuligoma siku ambayo mabasi hayatembei!

Mzee akarudi kutoka kanisani na suti yake ya kahawia, akatukuta. Uso ukamchanua. "Vijana wangu! Mmekuja kunisalimu? Sabato njema." Mkewe akafungua geti, akatuletea makande yaliyopikwa tangu Ijumaa, maana kwao Sabato moto hauwashwi. Na makande yaliyolala mnayajua yanavyokuwa.

Rajabu alijitahidi. Alikataa sahani ya kwanza.

Fundi alilikunja bango akalikalia.

Tulirudi mjini tumeshiba na tumeshindwa. Nadhani Mzee mpaka leo hajui kwamba aligomewa.

Jumatatu Rajabu akaja kivingine. "Hatugomi," akasema. "Tutasema kweli tu. Ukweli hauna adhabu." Akatoa karatasi. Kila safari, kabla basi halijaondoka stendi ya Same, angesimama mbele awasomee abiria hali ya chombo wanachopanda.

Mimi nikamwambia, "Tutafukuzwa."

Akaniambia, "Mwenzangu, kufukuzwa kunataka uwe umeajiriwa."

Asubuhi ile nilikuwa juu ya keria nafunga magunia ya chumvi. Nikachungulia dirishani kuona wamejaa kiasi gani, nikamwona, kiti cha pili, kikapu mapajani, kanga mbili, mgongo umenyooka kama mtu aliyekuja kupigwa picha. Bi Nakijwa. Mama mzaa mke wa Mzee Eliewaha! Alikuwa amekuja kumtembelea bintiye, sasa anarudi zake Suji.

Rajabu wa Kigoma angemjulia wapi?

Nikaanza kumpungia mkono kutoka juu: shusha, shusha, nyamaza. Yeye akaona mkono unapanda na kushuka, akadhani sauti haifiki nyuma. Akaikaza.

"Ndugu abiria! Basi hili lina breki ya mguu, siku nyingine. Breki ya mkono halina. Breki ya mkono ni yule kijana juu ya keria."

Shingo zote zikatoka madirishani. Nikasalimia. Ningefanya nini?

"Kijana huyo hana mkataba. Aliyemtangulia alikanyagwa mguu, akaachwa. Safari njema."

Halafu sauti ya Bi Nakijwa, haina haraka hata kidogo.

"Kondakta. Hana mkataba, maana yake hajafungwa na chochote?"

"Hajafungwa, bibi."

"Kwa hiyo tukiwa kule kwenye korongo, akiamua amechoka, anakwenda zake?"

Rajabu akaniangalia. Akasema, "Anaruhusiwa, bibi."

Bi Nakijwa akainuka na kikapu chake. Akashuka. Akavuka stendi mpaka kibanda cha ofisi yetu, akaingia, akakaa kwenye kiti cha Mzee. Nyuma yake wakashuka wengine wote, hata yule wa pambio.

Mzee akaitwa. Alikuja mbio, akafika mlangoni, akaona nani amekaa ndani, akarudi nyuma hatua tatu kama aliyekanyaga kaa la moto.

Kwa wasiojua: kwetu mama mkwe huingii naye chumba kimoja mkabishana. Humtazami usoni ukapandisha sauti. Mzee alikuwa mtu wa mila kuliko sisi sote. Akazunguka, akasimama nje ya dirisha la ofisi yake mwenyewe, mgongo kwa dirisha. Rajabu akawekwa katikati kubeba maneno, ingawa umbali wao haukufika urefu wa mkono.

"Kondakta," akasema bibi, "mwambie mume wa mwanangu sipandi."

"Rajabu, mwambie mama gari ni zima."

"Mwambie nimesikia. Kama ni zima, apande yeye, na huyo kijana abaki hapa na gogo lake."

Stendi nzima imekusanyika. Wauza mayai wameweka beseni chini.

"Mwambie mama nina shughuli nyingi mjini."

"Mwambie mimi sina. Nitakaa."

Rajabu akaona nafasi yake. Akatoa nakala mfukoni, akaanza kusoma kifungu kimoja kimoja. Na Mzee, wakuu, ni Mpare. Mpare hata ukimkuta anazama atabishana na maji. Akabisha kila neno, mgongo kwa dirisha, kofia mkononi.

"Likizo ya nini? Jumamosi si wanapumzika?"

"Mwambie Jumamosi ni ya Mungu," akasema bibi. "Asiwagawie watu kitu ambacho si chake."

Watu wakacheka mpaka kuku waliofungwa kwenye keria wakaanza kupiga mabawa.

Tukafika kwenye kifungu cha anayeumia. Mzee akashika pale pale pa siku zote. "Mashaka aliuweka mguu mwenyewe."

Bi Nakijwa alishika ukindu mmoja uliochomoza kwenye kikapu, akaurudisha mahali pake. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, na stendi yote ikainama kuisikia.

"Mwambie mwaka alioanguka kutoka kwenye paa la nyumba yangu. Hakuna aliyemtuma kupanda, alipanda mwenyewe. Je, tulimwuliza nani alimwambia aweke mguu? Au tulimlaza ndani miezi mitatu, nikamkoroga uji kwa mkono wangu?"

Rajabu alifungua mdomo ayabebe hayo maneno. Akaufunga. Hayakuhitaji kubebwa.

Mzee Eliewaha alikuwa ameinamisha kichwa. Niliuona ukosi wa shati lake, umegeuzwa na kushonwa upya, kama yetu tu. Miaka ile ilimbana kila mtu, na mwenye basi naye alikuwa na mbavu.

Akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka. "Leteni kalamu."

Alisaini nakala saba kwenye kizingiti cha dirisha. Mkataba wangu mimi, mahali pa kuandika aina ya kazi, Rajabu alikuwa ameandika "Utingo". Mzee akakata, akaandika juu yake "Utingo, si breki". Ninayo mpaka leo, kwenye sanduku la vyeti vya watoto.

Mabasi yalilala siku nne kusubiri spea kutoka Moshi. Fundi akafunga breki za mkono, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kushika spana, akaweka na kitasa. Mashaka alirudi akawa mkata tiketi, kazi ya kukaa, na ukipitisha mzigo bila risiti alikurushia gongo lake la kutembelea.

Nilichojifunza? Kwanza, kabla hujagoma, angalia kalenda. Pili, bosi anaweza asikuogope wewe wala chama chako, lakini kila bosi kuna mtu anamkorogea uji. Usimdharau abiria wa kiti cha pili. Na tatu, vijana mnaoendesha na kupakia sasa hivi bila karatasi, mkiambiwa "sisi ni familia", ombeni familia isaini.

Walionusurika na magogo ya Upareni, Lushoto, Uluguru, semeni na nyie. Wabishi pia mnakaribishwa, mimi nimekulia nao.

Nimesahau kuwaambia bibi alifikaje.

Siku ya tano alipanda kiti kile kile. Kwenye korongo dereva alisimama, akavuta breki, basi likatulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Nilibaki mlangoni na mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Suji hawakutusikia tukija. Tuliwakuta bado wanachota maji. Bi Nakijwa alishuka na kikapu chake, akaukagua mguu wangu, akaukagua mlango, akashika njia ya migombani.

Nikauvuta mlango nyuma yake. Paa. Mara moja tu, ukakaa kimya.