Nusu Yake ni Yangu

Mathayo aliwahi kutembea. Kabla hajatimiza miaka miwili alikuwa akikimbiza kuku wa bibi yake uani. Kisha ikaja homa. Mama yake, Debora, mkulima wa maharage kwenye vilima vya Berega, alidhani ni malaria. Homa ilipoa, lakini mtoto hakurudi alivyokuwa. Miguu ilikakamaa, shingo ikapinda, na yale maneno machache aliyoyajua yakapotea.

Mama mkwe wa Debora, Bi Yunis, hakuficha aliloamini. "Ukoo wetu hauna ugonjwa huu," alisema majirani wakisikia. "Umekuja na mtu."

Herman, mume wa Debora, alinyamaza. Ukimya ule ulimchoma Debora kuliko maneno ya mama mkwe.

Walipewa rufaa hadi Dar es Salaam. Damu zao na ya mtoto zilipelekwa kupimwa nje ya nchi, miezi ikapita, ndipo daktari akawaita.

"Ndani ya seli zetu kuna ujumbe unaoitwa RNA," alieleza. "Kipo kimeng'enya, aina ya protini, kinachobadilisha herufi zake hapa na pale, ili kinga ya mwili iutambue kuwa ni wa nyumbani. Cha Mathayo ni dhaifu. Kinga yake inauona ujumbe wa mwili wake kama wa virusi, inaanza kupigana. Homa iliichochea, ubongo ukaumia."

"Imetoka kwangu?" Debora aliuliza.

"Kwenu wote wawili. Kila mmoja alibeba kasoro moja bila kuumwa. Zimekutana kwa mtoto."

Herman aliinamisha kichwa. "Inatibika?"

"Zipo dawa za kutuliza kinga. Kilichokwisha kuharibika hakirudi, baba."

Waliporudi, Herman mwenyewe ndiye aliyemweleza mama yake majibu ya daktari. "Mama, nusu yake ni yangu. Na mimi nimeipata kwako, au kwa marehemu baba."

Bi Yunis alichukua jembe akaenda shambani, jua likiwa la utosi.

Masika yaliyofuata Mathayo alibanwa na kifua, akafariki. Bi Yunis alimwosha mjukuu wake peke yake, polepole, akimnyoosha vidole vilivyojikunja. Debora alimtazama kutoka mlangoni. Muda wote alikuwa amelisubiri neno la kuomba radhi. Siku ile hakulitaka tena.

Yeye na Herman hawajapata mtoto mwingine. Wanaogopa. Wanawake wenzake wa kwaya wakimuuliza, Debora husema Mungu hajajalia, kisha huwauliza habari za maharage yao.