Kalamu Namba Kumi na Saba

Usiku ule Marietha hakuvua hata kitenge. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, simu mapajani, akisikiliza kila pikipiki iliyopita kuelekea ziwa Kindai. Mshenga wake, Elisha, alikuwa ameondoka Singida mjini saa nne asubuhi kupeleka barua ya posa Issuna. Issuna si mbali, mtu huenda na kurudi jua lingali juu. Saa mbili usiku simu ya Elisha iliita bila kupokelewa. Saa tatu ikawa haipatikani.

"Mama, lala," alisema Peniel kutoka chumbani.

"Wewe umelala?"

Peniel akajigeuza kitandani. Posa ilikuwa yake. Alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi pikipiki mwenye kibanda chake, hanywi, hapigani. Mabinti wamejaa mkoa mzima huu, lakini yeye akaenda kumpenda Jenipher, mjukuu wa mzee Urbano.

Kwa Wanyaturu ukoo huchunguzwa kabla ya ndoa. Huulizwa kama kuna kifafa, kama kuna uchawi, kama kuna mkono mrefu wa wizi. Maswali mawili ya mwanzo hayakumtisha Marietha. La tatu ndilo lililomkesha.

Kulipopambazuka Elisha aliingia na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa binamu wa marehemu mume wa Marietha, mtu wa maneno mengi, lakini asubuhi hiyo aliomba maji kwanza, akayanywa yote, ndipo akaitoa barua kwenye koti. Ilikuwa bado imefungwa.

"Shemeji, nimepeleka posa kumi na moja maishani mwangu," alisema. "Sijawahi kufukuzwa na mwiko wenye ugali."

"Hawakuisoma?"

"Waisome saa ngapi? Nilianza na kile kifurushi chako, kama ulivyoniagiza. Nikasema, mzee, mama wa kijana anakusalimu, anasema kilichopotea kimerudi. Mzee akakifungua. Akaona ile kalamu. Shemeji, yule mzee aligeuka rangi kama jivu. Akaingia chumbani. Mkewe ndiye aliyeanza. Alipiga kelele mpaka jirani wakaja. 'Babu mtu aliiba moja, kumbe binti mtu kaiba ya pili! Miaka yote tunaitafuta kalamu ya mzee, kumbe iko kwa wezi wale wale! Sasa wametumaliza vitu, wanataka na mtoto!'"

"Na Jenipher?" aliuliza Peniel, aliyekuwa amesimama mlangoni na shati mkononi.

"Amefungiwa ndani. Mimi walinishikilia mpaka usiku wa manane, wanataka niseme kalamu imetoka wapi. Nitasemaje? Mimi nafuga mbuzi." Akamgeukia Marietha. "Shemeji, kwa nini hukutuma khanga kama watu wote?"

Marietha akaipokea barua yake. Alidhani anapeleka amani.

Habari yenyewe ilianza mwaka 1993. Pale Issuna, kijijini kwao, palikuwa na chama cha wakulima wa alizeti kilichoitwa Tujikaze. Kilipotimiza miaka kumi, viongozi waliagiza kalamu thelathini za wino kutoka Dar es Salaam, nyeusi, kifuniko rangi ya shaba, zimechongwa "Miaka 10 ya Tujikaze", kila moja na namba yake, moja hadi thelathini. Kila mjumbe angepewa yake siku ya sherehe. Katibu wa chama alikuwa Urbano. Tarishi, mtu wa kutumwa huku na huku, alikuwa Antipasi, baba yake Marietha. Yeye ndiye aliyebeba lile boksi kutoka kwenye basi hadi ofisini.

Siku ya sherehe kalamu zikagawiwa, na mjumbe mmoja akabaki na mkono mtupu. Zilikuwa ishirini na tisa. Urbano akasimama mbele ya umati akasema, "Boksi limepita mikono miwili, wangu na wa tarishi." Hakuongeza neno, na halikuhitajika. Nyumba ya Antipasi ilipekuliwa siku hiyo hiyo. Godoro lilichanwa. Marietha, binti wa miaka kumi na sita, alishika taa wakati wanaume wanachakura sanduku la nguo za mama yake. Hawakupata kitu. Antipasi alifukuzwa kazi hata hivyo, na tangu siku hiyo hakuitwa tena kwenye kikao chochote, hata cha kuchimba kaburi. Alikufa baada ya miaka sita. Watoto wa kijiji waliimba "mwizi wa kalamu" nyuma ya mdogo wake Marietha mpaka akahamia Itigi.

Marietha aliishia darasa la saba. Kazi yake ni kuku. Hupita vijijini na matenga, akinunua kuku wa kienyeji kwa akina mama na kuwaleta mjini kwa wanaosafirisha. Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye nyumba moja Iguguno, aliona mtoto akichimba udongo kwa kitu cheusi. Akakichukua, akakifuta kwa mate. Miaka 10 ya Tujikaze. Namba 22. Akaacha jogoo, akaondoka na kalamu.

Kuanzia hapo, kila alipofungua tenga aliuliza. Mzee alikuwa mjumbe wa Tujikaze? Ile kalamu ipo? Nyingine alizikuta zinasukuma utambi wa koroboi. Mchungaji ng'ombe mmoja alikuwa ametia ugoro kwenye kifuniko. Nyingine ilikuwa ndani ya Biblia, safi, haijawahi kuonja wino. Alijifunza mwenyewe kuloweka ncha kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha hadi wino wa zamani utoke kama damu ya ini, na kunyoosha ncha iliyopinda kwa ukucha, polepole. Wasiotaka kuachia hakuwalazimisha, aliomba tu aone namba. Yote aliyaandika kwenye daftari: namba, jina la mjumbe, kijiji, nani anayo sasa, ameipataje. Kalamu zenyewe alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kila moja na kitambaa chake.

Watu walicheka. "Marietha anakusanya kalamu, na barua ya mtoto shuleni huomba kuandikiwa!" Wengine hawakucheka. Walisema damu ya baba yake inamvuta. Yeye hakueleza. Alikuwa na hesabu moja kichwani: atakayekutwa na ile kalamu iliyokosekana ndiye mwizi. Namba zikajaa moja baada ya nyingine, kumi na sita, kumi na nane, hadi ikabaki moja tu ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Namba kumi na saba.

Ile namba 2, ya katibu mwenyewe, aliikuta mnadani kwa muuza saa mbovu, ambaye alikuwa ameinunua kwa mpwa wa Urbano, kijana mlevi.

Kisha, miezi mitatu kabla ya posa, mjane wa aliyekuwa mwenyekiti wa Tujikaze, huko Iguguno, alimfungulia sanduku la mumewe. Kalamu namba 1 ilikuwa bado kwenye kasha lake. Chini ya kitambaa cha kasha palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya fundi mchongaji. "Tumeleta kalamu 29. Namba 17 iliharibika wakati wa kuchonga. Haimo." Chini yake: nimepokea. Tarehe ya siku mbili kabla ya sherehe. Na saini ya Urbano, yenye mkia mrefu uliopita chini ya jina.

Hapakuwa na mwizi. Hapakuwa hata na kalamu.

Marietha alilia njia nzima kutoka Iguguno, kuku wakimtazama. Juma lile lile Peniel akaja na jina la Jenipher. Basi mama akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye kopo na kufunga kifuniko. Alijiambia marehemu baba yake amesubiri sana, anaweza kusubiri tena, na aliye hai ana haraka. Na ili mzee Urbano ajue kwamba hana kinyongo, akamrudishia kalamu yake. Aliona hakuna zawadi ya heshima kuliko hiyo.

Sasa alisimama, akalichukua kopo kutoka juu ya kabati.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Peniel.

"Issuna."

"Mama, usiende. Utaharibu kabisa! Wewe na makalamu yako! Wenzako wanauza kuku, wewe unawagawa. Kama usingetuma lile likalamu, saa hizi ningekuwa na mchumba."

"Ungekuwa na mchumba, na kwao wangekuita mjukuu wa mwizi mpaka siku ya kufa."

"Waniite! Mimi nimekubali!"

"Mimi sijakubali," alisema Marietha. Akajifunga kitenge upya, akatoka.

Ilikuwa siku ya mnada Issuna. Watu walikuwa wakipita na mbuzi na madumu ya mafuta ya alizeti mbele ya nyumba ya Urbano, nyumba ya matofali yenye mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu. Dirisha lilikuwa wazi alipokaribia. Alipofika uani likafungwa.

"Hodi."

Ndani mtu alivuta kiti.

"Hodi wenyewe. Mama Klara, shikamoo."

Hakuna aliyeitikia. Watu wa huku hawaachi shikamoo ikaanguka chini. Hata adui huitikiwa, kisha ndipo hutukanwa. Marietha akarudia.

"Shikamoo, mama."

"Hapa hakuna mama yako!" Sauti ya Klara, mke wa Urbano, ilitoka nyuma ya mlango pale pale, karibu kama mtu anayenong'ona. "Umekuja kuchukua na vijiko?"

"Nimekuja kuzungumza na mzee."

"Mzee anaumwa. Umemuua na kidude chako."

"Basi nitazungumza nikiwa hapa."

"Zungumza na mbwa."

Marietha akaketi kwenye kizingiti. Akafungua kopo, akatandika kitambaa chini, akaanza kuzipanga kalamu. Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Namba moja, ya marehemu mwenyekiti, nimepewa na mjane wake. Namba mbili iko humo ndani, aliiuza mpwa wenu, aliyeinunua yupo pale mnadani na saa zake, mwiteni. Namba tatu..."

Mwenye mbuzi wawili akasimama. Mwanamke mwenye dumu akasimama.

"Anauza?" aliuliza mwanamke.

"Nyamaza wewe, sikiliza," alisema mwenye mbuzi.

Alizisoma zote. Zile ambazo hakuwa nazo alizisoma kutoka daftarini, na jina la mwenye nazo. Alipofika kumi na sita akaruka hadi kumi na nane, na mzee mmoja kwenye kundi akasema, "Umeruka moja, mama." Marietha akasema, "Nakuja." Alipomaliza thelathini aliifungua ile karatasi, akaisoma polepole, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la tatu mbele ya mwalimu. Tumeleta kalamu ishirini na tisa. Akasoma tarehe. Akasema saini ni ya nani.

Watu wakasogea karibu.

"Mzee Urbano," alisema. "Baba yangu alikubebea boksi lako begani. Hakuiba. Ulijua zimekuja ngapi. Sema tu."

Ndani palikuwa na manong'ono, kisha sauti ya Klara, safari hii si kwa Marietha: "Ni kweli? Urbano! Nakuuliza wewe, ni kweli?" Na sauti ya mzee, nzito, ya mtu aliyelala kifudifudi: "Nilisaini bila kusoma. Nilipokuja kuisoma nilikuwa nimeshasema mbele za watu."

Kitu kilianguka, sahani au bakuli. Msichana alianza kulia mahali fulani mbali, chumba cha nyuma.

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Klara alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho makavu, na hakumtazama Marietha. Alitazama watu barabarani.

"Ingia," alisema chini chini. "Tutazungumza habari ya watoto. Barua yako tutaisoma. Ila hivyo viache nje. Na hiyo karatasi ichane, hapo hapo, waione."

Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Mwanawe angeoa. Marietha alihisi miguu yake ikitaka kuinuka yenyewe. Alimfikiria Peniel na shati lake mkononi. Halafu akaliona lile godoro, pamba zimetapakaa sakafuni, na baba yake anaziokota moja moja kuzirudisha.

"Siingii bila hivi," alisema.

"Basi utamkosesha mtoto wako mke."

"Nitamkosesha."

"Una roho mbaya wewe."

"Ninayo. Shikamoo, mama."

Kutoka ndani mzee akasema, "Klara, funga mlango."

Klara akaushika mlango. Kidole gumba kilisugua rangi ya bluu pale ilipobanduka. Mwenye mbuzi alikohoa. Kisha yule mama mfupi akausukuma mlango kwa nguvu, si kuufunga bali kuufungua, hadi ukagonga ukuta na chokaa ikadondoka.

"Marahaba," alisema. "Ingia navyo. Ila usitegemee chai."