Mwaka Tuliolinda Miti ya Mama

Mama alipanda miti yake mahali ambapo hata nyasi zilikuwa zimekataa kuota. Volkano ilikuwa imepita juu ya kiwanja chetu, magharibi mwa Goma, kando ya barabara ya kwenda Sake, na ilipopoa ikatuachia mawe meusi ya kuchana viatu. Majirani walijenga tena nyumba zao za mbao juu ya mawe hayo, wakaridhika. Mama hakuridhika. Alichukua mtarimbo na nyundo akapasua mashimo, kisha akabeba udongo mgongoni kutoka upande wa ziwa dogo la Lac Vert, mfuko baada ya mfuko, hadi kila shimo likajaa. Baba alimcheka. Mimi nilimwonea haya mbele ya wenzangu wa shule. Lakini nilipoanza kazi ya ualimu, miti ile ilikuwa imeshapita paa letu: mikaratusi upande wa barabara, migrevilea nyuma ya jiko, na ndani yake ndege ambao mtaani kwetu hawakuwahi kuonekana.

Vita ilianza kama habari za watu wa mbali. Kisha barabara ya Rutshuru ikafungwa. Baba alikuwa amepanda Butembo kufuata maharagwe yake ya biashara, akabaki hukohuko. Baadaye wenye bunduki wakafika kwenye vilima vya juu ya Sake, na barabara yetu nayo ikafa. Kaskazini mapigano, magharibi mapigano, kusini ziwa, mashariki mpaka ambao leo unafunguliwa na kesho hujui. Redioni walisema mji umezingirwa. Mimi nililielewa neno hilo kwa miguu: kila njia niliyozoea kupita sasa ilikuwa na mahali pa kugeuka na kurudi nyumbani.

Watu waliokimbia vijiji vyao, wadeplase, walifika kwa maelfu wakapiga mahema juu ya mawe pande zote za kiwanja chetu. Wengine walilala katika madarasa ya shule niliyofundisha, kwa hiyo shule ikasimama. Nikakaa nyumbani na Mama, sina wanafunzi, sina safari, mahema yakiwa karibu kiasi kwamba niliwajua majirani wapya kwa vikohozi vyao kabla sijawajua kwa sura.

Makala, yaani makaa ya kupikia, ya mji wetu hutoka Masisi na katika msitu wa chini ya volkano. Barabara zilipokatika, makala yakaadimika, na wanawake wa mahemani wakaanza kwenda wenyewe msituni kutafuta kuni. Huko walikutana na watu wenye silaha. Wengine walirudi na mzigo kichwani. Wengine walirudi mikono mitupu, wakaingia hemani wakajifunika, na hakuna aliyewauliza kitu.

Asubuhi moja tulikuta kisiki mahali pa mkaratusi wa kona. Mama alikizunguka mara mbili, akakigusa kwa ncha ya kiatu, akasema, "Kesho watakuja kwa mwingine."

Kuanzia siku hiyo tulilinda miti kama watu wanavyolinda mbuzi. Yeye alishika mchana, mimi nikashika alfajiri, na fimbo ilikuwa moja tu. Niliichukia kazi ile. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha jikoni nikiwatazama watoto wanaokula unga uliokorogwa kwa maji baridi kwa sababu hapakuwa na moto, na nyuma yangu imesimama miti mirefu yenye afya. Nilitamani kuondoka, lakini kwenda wapi?

Siku ya tisa au ya kumi nilisikia panga likigonga nyuma ya jiko. Nilimkuta mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya sweta ya kiume, anakata mgrevilea kwa mapigo madogo madogo, kama mtu asiyetaka kuuamsha.

"Unafanya nini hapa?" nilipiga kelele.

Hakukimbia. Alishusha panga akaniangalia.

"Dada, ukitaka kunipiga, unipige. Niko na watoto ine mu hema. Mukubwa wao, musichana, nilimutuma ku pori kutafuta kuni. Alirudia bila kuni. Tangu ile siku hasemi kitu. Sasa nimutume nani tena? Huyu mudogo wake?"

Fimbo ilikuwa mkononi mwangu na sikujua niiweke wapi. Nilikuwa bado nimesimama hivyo Mama alipotokea, hajafunga hata kilemba. Nilijua hasira zake, nikasogea katikati yao. Mama alinipita. Alichukua panga mkononi mwa yule mwanamke, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye makali.

"Hii haikate hata ndizi," alisema. "Na huu muti ni mubichi. Utawasha, moshi utakuchoma macho, na chakula hakitaiva. Njoo."

Akampeleka kwenye mgrevilea mwingine, akamwonyesha matawi ya chini yaliyokuwa yameanza kukauka. "Haya unakata hapa, karibu na shina lakini usiliguse. Muti hautakufa, utapanda juu. Unayaanika siku ine. Kisha unapika."

Yule mwanamke alibeba matawi matatu. Kabla ya saa sita mchana wanawake kumi na saba walikuwa wamejipanga kwenye geti letu.

Ningependa kusema kwamba tuliwatosheleza. Hatukuwatosheleza. Mama aliamua kwamba matawi yatagawiwa kila Jumamosi, na atakayetaka sehemu yake lazima ashike zamu ya kulinda miti isiangushwe. Yule mwanamke wa sweta ndiye aliyepanga zamu, kwa sauti ambayo hakuna aliyebishana nayo. Miti ikalindwa na walewale waliokuwa wakiiiba. Lakini matawi ya kiwanja kimoja hayawezi kupikia kambi. Tulifukuza watu. Niliwafukuza mimi mwenyewe, wanawake wenye watoto mgongoni, nikiwaambia warudi Jumamosi, nikijua Jumamosi nitawaambia hivyohivyo. Mmoja alitema mate kwenye kizingiti chetu. Nilipangusa, nikakaa tena kwenye kiti changu.

Binti mkubwa wa yule mwanamke wa sweta alikuja mara chache. Alikuwa kama wa miaka kumi na sita. Alikaa chini ya migrevilea akichambua majani makavu, akiyatenga makubwa na madogo. Mama alimletea chai, basi.

Kisha wakaja wanajeshi wa serikali. Mapigano yalikuwa yameteremka, na mabomu tuliyozoea kuyasikia kama ngurumo za mbali sasa yalitikisa mabati. Walikuwa kama kumi, wana mashoka mawili na msumeno. Mkubwa wao alikuwa na adabu.

"Mama, hii miti ya barabarani inatufunga macho. Hatuone adui akitokea Sake. Tutaikata leo."

"Komanda, miti hii ni maisha ya hawa watu wote."

"Najua, Mama. Nayo barabara ni maisha yetu."

Wanawake wa zamu walisimama mbele ya mikaratusi. Yule wa sweta alikunja mikono kifuani. Askari mmoja akashika shoka kwa mikono miwili, na kwa muda mfupi nilidhani nitaona jambo ambalo sitalisahau. Mama ndiye aliyesema, "Mama zangu, mutoke hapo. Muti unaota tena. Mutu haoti." Wakatoka polepole, wa sweta akawa wa mwisho.

Shoka la kwanza lilipoingia, Mama alimsogelea yule askari. Alikuwa kijana mwenye kovu shavuni, lafudhi yake si ya kwetu.

"Baba," alimwambia, "mukate na musumeno, si na shoka. Shoka linapasua gome. Na mukate kwa kuinamisha, mvua isikae ku kisiki. Nakuomba hicho tu."

Kijana alimtazama mkubwa wake. Mkubwa akainua mabega. Kijana akaweka shoka chini, akachukua msumeno. Alikata mikaratusi yote ya mstari ule kwa mshazari, mmoja baada ya mwingine, na Mama alisimama kando yake mpaka wa mwisho, akimwonyesha kwa mkono mahali pa kuanzia. Mimi nilishindwa, nikaingia ndani. Kila mti ulipoanguka, chumba kiliongezeka mwanga.

Magogo waliyachukua wao. Matawi walituachia, na juma hilo kambi nzima ilipika.

Wiki chache baadaye mabomu yaliangukia upande wa mahema, na watu wakahama kwa siku moja, kila mmoja na kifurushi chake, kurudi vijijini ambako hawakujua watakuta nini. Yule mwanamke alipita na watoto wake wanne. Alisimama getini, akanirudishia kisu chetu cha jikoni ambacho sikujua kwamba alikuwa nacho, akasema, "Tunaenda." Binti yake alimwinamia Mama, akamshika mikono miwili kama tunavyowasalimu wakubwa. Sijawaona tena.

Mji ulipotulia, Baba alirudi kwa kuzunguka Uganda na Rwanda, amekonda. Alisimama mahali ilipokuwa mikaratusi, akatazama barabara yote hadi mbali, akauliza, "Na ndege?" Visiki vingi vilichipua; viwili vilioza. Migrevilea ya nyuma ya jiko ilibaki na vichwa vidogo juu kabisa, kama watu walionyolewa vibaya.

Shule ilipofunguliwa nilikuta darasa langu halina benchi hata moja. Sakafuni palikuwa na duara jeusi la jiko la mawe matatu, na misumari imetapakaa kwenye majivu. Wazazi walikasirika sana. Mmoja wao aliniuliza kama nawajua waliochoma mabenchi ya watoto.

"Nawajua," nilimjibu. "Walikuja kwetu kuomba kuni, nikawaambia warudi Jumamosi."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha tukaenda wote wawili nje kuokota mawe bapa, ili watoto wapate pa kukaa.