Sindano ya Mtani

Siku yangu ya kwanza kazini Nchelenge sikugusa sindano wala hadubini. Nilipewa shuka jeusi. Msimamizi wa Mbung'o, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alilifunga mgongoni mwangu, akaniamuru nitangulie kwenye njia ya kando ya ziwa na nisigeuke nyuma. Yeye alinifuata na wavu wa mkono. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kutembea tu mpaka watue mgongoni, naye awakamate. Mama alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba mwanawe ameajiriwa kwenye mambo ya udaktari. Jioni nilirudi nyumbani shingo imevimba, na nilipoulizwa habari za kazi nikasema ni nzuri.

Vijana huniuliza tulikuwa tunatafuta nini hasa. Malale ni ugonjwa wa vijidudu vidogo sana vinavyoogelea kwenye damu. Mbung'o akimuuma mwenye navyo, huvinyonya, navyo hukua ndani yake hadi vifike kwenye tezi za mate. Baada ya hapo, kila anayeumwa naye yuko hatarini. Mwanzo mgonjwa hupata homa, baadaye akili huvurugika, usiku halali na mchana analala juu ya chakula chake. Kwa hiyo tuliwakamata mbung'o ili tuwapasue tuone wamebeba nini.

Upasuaji nilijifunza kwenye kituo cha Puta, nilikohamishiwa chini ya Karani wa Hadubini. Huyu hakupenda maneno mengi. Alimlaza mbung'o kwenye tone la maji ya chumvi, akashika sindano mbili, akavuta kichwa taratibu mpaka tezi zikafuata nyuma, nyembamba kama uzi wa kushonea. Nilikata tezi nyingi kabla sijaweza kutoa moja nzima. Siku moja niliandika kwamba katika mbung'o fulani hakuna kijidudu. Aliifuta kauli yangu. "Usiandike hakuna," alisema. "Wewe ni nani? Andika sikuona." Nilikasirika siku ile, lakini nimefundisha wengine maneno hayo hayo.

Niliporudishwa Nchelenge nilimkuta Daktari mpya, Mzungu mwembamba aliyekuwa ametumikia Tanganyika na kujifunza Kiswahili huko. Kibemba kilimshinda. Ndiyo maana alinipenda mimi, kwa kuwa mama yangu ni wa ng'ambo ya pili ya ziwa na Kiswahili cha wachuuzi wa samaki nilikinyonya kwake.

Wakati huo kulikuwa na mgogoro juu ya kijiji cha Kapema, mwendo mfupi kutoka kituoni kwetu. Watu kadhaa wa pale walikuwa wameugua malale. Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, aliamini ugonjwa unaletwa na wavuvi wanaovuka kwenda na kurudi ng'ambo. Alitaka bandari yao ndogo ifungwe na kijiji kizima kihamishiwe ndani, kando ya barabara, mbali na maji. Mvuvi wa kuhamishiwa barabarani ataishi kwa nini? Watu wa Kapema walisema waliougua ni wale waliokwenda kukata miti kwenye mushitu, ile misitu mizito ya majimaji nyuma ya bandari, na kwamba wengine wao hawajawahi kuvuka ziwa.

Daktari aliwasikiliza. Tulimpiga risasi pongo mmoja mle msituni, tukachukua damu yake, tukamdunga nayo panya mweupe. Baada ya siku chache damu ya panya ilijaa vijidudu. Mimi nilidhani kazi imekwisha. Daktari akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba wanyama wana vijidudu vya namna mbili: kimoja kinamuua mtu, kingine hakimfanyi lolote, na kwenye hadubini vinafanana kabisa. Siku hizo kulikuwa na njia moja tu ya kuvitenganisha, nayo ni kuvitia ndani ya mtu.

Alisema angejidunga mwenyewe, ila hakukuwa na daktari mwingine wa kumtibu. Akaenda Kapema, akawaeleza wazee bila kuficha: atakayekubali kudungwa damu ile ya panya, kama ni kijidudu cha wanyama tu, hatasikia kitu, na Bwana DC atawahamisha. Kama ni malale ataugua, naye Daktari atampa dawa mapema, lakini hawezi kuapa kwamba atapona. Ila hapo itajulikana kwamba ugonjwa unakaa kwa pongo, na cha kuondoa ni msitu, si watu.

Aliyesimama alikuwa Bashi Mwila, mwenye mtumbwi mkubwa kuliko yote pale, baba wa watoto wadogo. Alikuwa wa ukoo wa Chui. Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi. Kwetu Chui na Mbuzi ni banungwe, watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kubeba kuku wako, na ukifa yeye ndiye anayekuzika na kuwachekesha wafiwa. Kila nilipopita Kapema, Bashi Mwila aliniuliza kwa nini natembea bila kamba shingoni.

Alikubali kwa sharti moja. Hakutaka kudungwa na Daktari.

"Muzungu akinichoma na nikufa, bandugu yangu batasema yeye njo aliniua," alisema. "Akinichoma mutu mwingine, batasema ni bulozi, ameniroga." Akanielekezea mimi kidole. "Huyu ni mbuzi yangu. Mbuzi akiua chui, nani atamukasirikia? Batacheka tu."

Wazee wakaitikia kwamba ni haki. Daktari alikataa, akisema sindano ya namna ile si kazi ya msaidizi. Nilimfafanulia utani ni kitu gani. Akakubali. Mimi sikuulizwa, na desturi haikuniruhusu kukataa.

Nilimdunga asubuhi, kwenye mkono, ndani ya chumba tulichokizungushia wavu ili mbung'o wa nje wasituvurugie ushahidi. Nilimwambia damu ya panya itamfaa chui kuliko damu ya mbuzi. Alicheka.

Kila asubuhi nilimtoboa kidole, nikapaka damu kwenye kioo, nikatazama. Sikuona kitu. Nilifurahi, halafu nikamkuta mkewe nje ya wavu akiniuliza kwa macho, na furaha ikaniisha, maana kutoona kwangu ndiko kulikuwa kunawafukuza nyumbani kwao. Nilikuwa natafuta ugonjwa ndani ya mtu ninayempenda na kuomba niupate. Sijawahi kusali vibaya namna ile.

Wiki ya pili mkono ulivimba pale nilipomdunga, homa ikapanda. Asubuhi iliyofuata niliviona, vikijipinda katikati ya chembe za damu. Nilimwita Daktari. Alitazama kwa muda mrefu, akavua miwani. "Mpelekee habari," alisema. "Mimi nachanganya dawa."

Bashi Mwila alikuwa amejifunika blanketi, anatetemeka.

"Iko?"

"Iko."

"Basi bantu yangu batabakia." Alifumba macho. Halafu akanishika mkono, akaniita jina langu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tujuane. "Daudi, sasa muniponeshe. Minaogopa."

Nililia mbele yake bila aibu.

Alipona, ingawa dawa ile ilimdhuru sana figo, na hakuwahi tena kuvuta wavu mzito. Bwana DC alikuja mwenyewe kutazama kwenye hadubini, na amri ya kuhama ikafutwa. Watu wa Kapema waliufyeka mushitu wa bandarini wenyewe, wanaume na wanawake, mpaka upepo wa ziwa ukaingia na mbung'o wakakosa kivuli. Mtumbwi wa Bashi Mwila ukachukuliwa na mdogo wake, yeye akabaki kushona nyavu.

Mimi niliendelea na kazi hiyo hadi nikastaafu. Nimeambiwa siku hizi kuna mitambo inayotenganisha vijidudu vile bila kumgusa mtu. Nashukuru sana. Vijana wanaoitumia wasidhani sisi tulikuwa majasiri. Daktari alijua anaomba nini, nami nilijua nafanya nini, na sisi wawili tulilala vibaya kwa muda mrefu. Jasiri alikuwa mmoja.

Baada ya kustaafu nilikwenda Kapema kumwona, wote wawili tumeshakuwa na mvi. Alikuwa amekaa ufukweni na wavu mapajani. Watoto walikuwa wamejaa majini, wanarushiana maji na kupiga kelele, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia. Jambo hilo liliniuma. Nilimwambia nitawaita watoke, niwaeleze huyu mzee ni nani.

Alinikatalia bila kuinua macho kutoka kwenye kushona.

"Bachilie," alisema. "Tulitaka baoge hapa. Angalia, banaoga."